Nafasi ya Okeyo

Alhamisi, mwezi wa nane, 1976. Ukungu tangu asubuhi, mvua ya mawe saa tisa, na sasa kajua kadogo ka kudanganya watu kabla ya giza.

Daftari langu, leo nimeizuia kampuni nzima ya majani chai isisahau majina ya watu wake.

Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ningetaka kujisifu ningeanza na chui wa msitu wa Mau niliyemfukuza kwa mpini wa jembe, au siku mkuu wa mkoa aliposimamisha gari lake barabarani ili aniulize njia. Hii ya leo ni kweli tupu. Meneja wetu aliwahi kuniambia mbele ya watu, Sigei, wewe ndiye jicho letu. Ama hakusema jicho. Alisema kitu karibu na jicho.

Niandike kazi yangu vizuri, maana siku moja wajukuu watasoma hapa na hawataamini.

Kule Kericho mjini, makao makuu, kuna mashine ya kompyuta. Inakaa peke yake kwenye chumba cha baridi ambacho madirisha yake hayafunguliwi. Viwanda vitano vinatumia hiyo moja, na sisi wa mbali hatuioni. Hapa kiwandani kwetu, juu ya Merigi, tunayo teleprinta tu. Ni kama taipureta iliyofungwa kwenye waya wa simu: unagonga herufi hapa, zinafika Kericho kabla hujainua kidole, na jibu linarudi likijiandika lenyewe kwenye karatasi bila mkono wa mtu. Mgeni akiiona mara ya kwanza anarudi nyuma hatua mbili. Mimi sikurudi. Labda moja.

Kila jioni kiwanda kinatuma majina ya wachumaji wote na uzito wa majani ya kila mmoja. Lakini kumbukumbu ya ile mashine ina kiasi chake, kama debe. Ukimimina juu ya debe lililojaa, kinachozidi kinamwagika. Kwa hivyo lazima kuwe na mtu wa kuangalia kila saa kumejaa kiasi gani na kumebaki kiasi gani. Mtu huyo ni mimi, Joel arap Sigei. Nagonga neno moja la Kiingereza nililofundishwa, mashine inanipa namba mbili, ya kwanza iliyojaa, ya pili iliyobaki. Naziandika kwenye kitabu cha kijani. Saa kumi namsomea kwa simu Mokaya, karani wa chumba cha mashine huko Kericho. Darasa la tano nililoachia pale misheni halijanizuia hata siku moja.

Na hiyo kumbukumbu si maneno ya hewani. Nimeiona kwa macho yangu.

Aliyenionyesha ni Okeyo. Huyu Okeyo alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye mwanya, na ndiye aliyekuwa karani wa ile mashine kabla ya Mokaya. Mwaka wa kwanza alikuja hapa kutufungia teleprinta, akalala kwangu wiki mbili. Mama Chebet, mke wangu, alimpa mursik siku ya kwanza, maziwa yetu ya kibuyu, meusi kidogo kwa mkaa. Okeyo akanusa, akaniuliza kama hiyo ni ya kunywa au ya kupaka viatu. Siku ya tatu alikuwa anaamka kabla yetu na kwenda kutingisha kibuyu mwenyewe. Alinitoa kwenye boila, nilikokuwa nikitia kuni, akanifundisha kugonga kwa kidole kimoja. Watu wanauliza kwa nini alinichagua mimi. Nawaambia aliona akili. Yeye alikuwa akisema ni kwa sababu nilikuwa natafuta pahali pa kukaa.

Baadaye alinichukua siku moja mpaka Kericho, akafungua kifuniko cha lile kabati kubwa kama ghala la mahindi, akamulika kwa tochi. Nikaona vipete vya chuma, vidogo kuliko punje ya wimbi, maelfu kwa maelfu, vimetungwa kwenye nyuzi za waya kama shanga za mama zetu. Akaniambia kila kipete kinashika jambo moja dogo tu, ndiyo au hapana, na vikipangwa vingi vinakuwa jina la mtu. Nikauliza, na stima ikipotea?

"Hivi havisahau, Sigei," akasema. "Zima stima mwezi mzima. Ukirudi utakuta kila kitu pale ulipokiacha."

Siku ile nilicheka.

Alipokuwa hai tulizungumza kila asubuhi kwa mashine. Kwetu huwezi kuingia boma la mtu ukaanza na shida yako kabla ya salamu. Hiyo ni adabu ya ng'ombe, si ya watu. Sasa utaratibu wa mashine ni kwamba barua lazima ianze na jina la unayemwandikia, ndipo iingie kwenye sanduku lake huko ndani. Kwa hivyo kila siku saa moja, kabla ya namba yoyote, niligonga: OKEYO. HABARI YA ASUBUHI. WATOTO WAZIMA? SIGEI. Naye anajibu: WAZIMA. LETE NAMBA, MUONGO WEWE. Miaka minne hivyo. Nikimsimulia habari ya chui aliuliza jembe lilikuwa la nani.

Alikufa mwaka jana, wakati wa mvua kubwa. Kifua.

Nilimzika mimi. Nilibeba jeneza upande wa kichwa, nikasema maneno mbele ya umati mpaka wazee wa ziwani wakatoa vitambaa. Kila mtu hapa kiwandani anaijua hadithi hiyo, nimewapa mara nyingi, na kila mara wanataka tena ile sehemu ya wazee.

Basi. Ile shida.

Ilianza polepole. Jumapili hakuna kiwanda kinachotuma kitu, kwa hivyo debe linatakiwa liwe karibu tupu. Lakini kuanzia mwaka huu niliona namba ya kwanza ya Jumapili hairudi chini kama zamani. Jumapili hii iko hapa, ijayo iko juu kidogo. Si sana. Kama mgeni anayekaa nyumbani kwako bila kusema amekuja kwa nini, na kila siku anasogeza kiti chake kidogo kuelekea jikoni.

Nikamwambia Mokaya. Huyu ni mtu wa Kisii, mpole, mwimbaji wa kwaya, ana mke na mapacha na mama yake mgonjwa ndani ya nyumba ya kampuni. Akatoa kila alichoweza kutoa kwenye mashine. Haikushuka. Mwezi wa tano mti ulianguka kwenye nguzo, stima ikapotea Kericho siku mbili nzima. Iliporudi nikagonga neno langu nikiwa na furaha, nikidhani sasa debe limejimwaga. Namba ilikuwa ile ile, haikupungua hata moja.

Kitu kimekaa ndani na hakitoki.

Wiki mbili zilizopita debe likamwagika. Tulituma orodha ya jioni, na asubuhi karatasi iliporudi kutoka Kericho majina ya mwisho hayakuwepo. Yalikuwa ya akina mama wa kambi ya juu. Nyapara akawaambia kwa kuwa hawako kwenye karatasi hawawezi kupewa unga wa wiki. Wakashuka wote mpaka dirisha langu, wamevaa mifuko yao ya plastiki dhidi ya umande, wakasimama kwenye ukungu bila kelele. Heri wangepiga kelele. Mkubwa wao, Mama Tapsiargaa, ambaye ananijua tangu nikichunga mbuzi, akaweka kapu lake chini.

"Mashine yako inasema mimi sipo," akasema. "Sasa haya majani yamechumwa na nani?"

Nikamwambia nitalishughulikia kwa mkono wangu. Akaniangalia hivi, akasema basi nitumie mikono yote miwili.

Tangu siku hiyo maneno yakaenea. Watu wa orofa ya kunyausha majani, ambayo iko juu ya chumba changu, wakasema wanasikia teleprinta ikigonga wakati sipo. Wengine wakasema ni pumzi ya mtu. Dereva wa lori la majani akaacha kuegesha karibu na dirisha. Mimi niliwacheka hadharani. Niliwaambia nimelala peke yangu Londiani msituni, mvua ikinyesha, fisi wakipita hapa na hapa. Lakini nikiwa nimekaa pale ndani na ukungu umebandikwa kwenye kioo mpaka sioni boila, na mashine imenyamaza, nilikuwa nimegeuza kiti ili mgongo uwe ukutani.

Kericho hawakusema pumzi. Wakubwa walisema Mokaya anaficha vitu vyake ndani ya mashine. Labda hesabu za kanisa, labda biashara. Wakamwambia fundi mkuu anakuja Ijumaa kutoka Nairobi, na kama mpaka hapo hajaeleza ni nani anayeshika hiyo nafasi, afungashe. Ijumaa ni kesho.

Sasa leo.

Saa nane mchana simu ikalia. Mokaya. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu aliyekesha akiomba. Akasema amempata fundi mkuu kwa simu jana, akamsihi, na yule akampa neno la kuiuliza mashine nafasi imeshikwa na nani kwa jina.

"Mzee Sigei, umekaa?"

Nikamwambia mimi sijawahi kuhitaji kiti ili nisikie habari.

"Kaa, mzee."

Nikakaa.

"Imenijibu jina moja tu. Okeyo."

Ukungu ulikuwa umeingia kwa chini ya mlango, unatambaa. Mokaya akaendelea polepole, kama anayemsomea mgonjwa barua. Sanduku la Okeyo halikufungwa alipokufa, hakuna aliyekumbuka. Limekuwa likijaa kila siku tangu mwaka jana. Yeye hawezi kuona kilichomo, wala kulifuta, kwa sababu linafunguka kwa neno la siri la mwenyewe tu, na neno hilo Okeyo alikwenda nalo. Fundi mkuu anaweza kung'oa kila kitu kwa nguvu, lakini hapo hakutakuwa na ushahidi, na wakubwa watasema Mokaya ndiye aliyekuwa akitumia sanduku la marehemu.

Akaniuliza kama Okeyo aliwahi kunitajia neno lolote.

Nikamwambia nitampigia.

Daftari, nilitoka nje. Nilizunguka kiwanda mara mbili. Harufu ya majani yaliyoiva ilikuwa nzito kwenye ukungu, unaweza kuishika. Neno nililijua. Nililijua palepale, kabla hajamaliza kuuliza. Okeyo alilichagua kwangu nyumbani, kibuyu kiko magotini, povu jeusi kwenye sharubu, akasema hili Mzungu hawezi kuota hata akilala mwaka. Kilichonizungusha kiwanda hakikuwa neno. Ni kwamba kwetu kitu cha mtu aliyekufa hukifungui hivihivi. Hata jina lake wazee hawapendi ulitaje ovyo, maana anayeitwa huja. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa upande wa pili wa waya.

Karibu na ghala nikawaona akina mama wa kambi ya juu wanapita na makapu, wanatokea kwenye ukungu mmoja mmoja na kuingia tena, kama wanaofutwa. Mama Tapsiargaa alikuwa wa mwisho. Hakunisalimia. Alisimama tu kidogo nimwone, ndipo akaendelea.

Nikarudi ndani, nikainua simu. Nikamwambia Mokaya, jaribu MURSIK.

Nikamsikia anagonga, kidole kimoja kimoja. Halafu akavuta pumzi.

"Imefunguka."

Nikamuuliza kuna nini ndani.

"Barua, mzee. Zimejaa. Ngoja, inaanza kuzisoma."

Hapo teleprinta yangu ikaamka.

Nilikuwa sijaigusa. Ikagonga mstari mmoja, ikasimama, ikagonga mwingine. Mvua ya mawe ilikuwa bado haijaanza, kulikuwa kimya kabisa, ukungu na hiyo sauti tu. Nikasogea kuangalia karatasi. Ilikuwa imeandika: OKEYO AMESOMA. Chini yake: OKEYO AMESOMA. Tena: OKEYO AMESOMA.

Nitaandika ukweli. Nilisimama juu ya kiti. Sijui kiti kingenisaidia nini.

Mokaya alikuwa bado kwenye simu akiita mzee, mzee. Nikamwambia anasoma. Akauliza nani. Nikasema Okeyo anasoma. Nikasikia akinong'ona jina la Yesu, halafu akajikaza akaniambia hiyo ni tabia ya mashine: barua ikifunguliwa, inamrudishia aliyeituma habari kwamba imesomwa, pamoja na maneno yake yenyewe ili ajue ni ipi. Amefungua kwa jina la Okeyo, kwa hivyo inasema Okeyo.

"Lakini mzee," akasema, "inamrudishia aliyeituma. Mbona inarudisha kwako?"

Nilishuka kwenye kiti.

Kwa sababu sikuacha, daftari. Ndiyo hiyo. Okeyo alipokufa, sikuacha. Asubuhi ya kwanza baada ya kusikia nilikaa, kidole kikaenda chenyewe, O, K, E. Nikafikiri ni leo tu. Mashine haikukataa. Haikuniambia hayupo. Iliandika IMEPOKELEWA, kama siku zote. Basi kesho yake nikafanya tena, na kesho yake, mpaka ikawa kama kuvua kofia mlangoni. Sikujua kwamba zinakaa. Nilidhani salamu ikitoka imetoka, kama unayomwambia mtu njiani.

Zilikuwa zimekaa zote. Kwenye vile vipete, moja juu ya nyingine, zikimngoja mwenyewe aje azisome. Akina mama wa kambi ya juu, walio hai, wenye makapu, walikosa pahali kwa sababu mimi nilikuwa nimempakia marehemu salamu.

Zikarudi moja moja, karatasi ikishuka mpaka sakafuni. Mvua ya mawe ikaanza juu ya mabati, sikusikia tena mashine, nikawa naona tu maneno yangu yanatoka. OKEYO. HABARI YA ASUBUHI. WATOTO WAZIMA? OKEYO. LEO BARIDI. OKEYO. CHEBET AMEOLEWA, MBUZI ALIKUWA MTAMU, MFUPA WAKO NIMEULA. OKEYO. MOKAYA NI MTU MZURI LAKINI HANIITI MUONGO. OKEYO. MGUU UNAUMA, SIJAMWAMBIA MAMA CHEBET. Nyingine siziandiki hapa. Na juu ya kila moja, AMESOMA, AMESOMA, AMESOMA. Kama mtu aliyeketi na rundo kubwa, hana haraka, analowesha kidole na kufunua.

Halafu ikasimama. Mawe nayo yakapungua.

Nilikuwa nimeinama kukusanya karatasi kengele ya teleprinta ilipolia. Hiyo kengele hulia barua mpya inapoingia kwa jina lako. Mokaya alikuwa kwenye simu, mikono yake haikuwa kwenye mashine, nilimuuliza baadaye mara tatu.

Ikaandika: SIGEI. KIFUA KIMEKATAA. KESHO NAENDA NYUMBANI. NJOO UNIONE. USIPOKUJA NITAKUJA MWENYEWE. OKEYO.

Sijui nilikaa muda gani. Najua chai yangu ilikuwa na ngozi juu.

Mokaya aliitafuta huko kwake, akaikuta, akanieleza kwa sauti ya chini. Ina tarehe ya mwaka jana. Okeyo aliiandika siku yake ya mwisho kazini, wiki ile mvua iliangusha waya wetu hapa Merigi. Haikuweza kutoka, ikakaa kwenye sanduku lake, na sanduku halikufunguliwa tena mpaka leo, ndipo ikapata njia ya kutoka. Ni barua iliyochelewa tu, mzee. Nikamwambia najua. Kweli najua. Ndivyo Okeyo alivyokuwa akitania, kila likizo aliandika nisipokwenda kwake atakuja yeye amalize maziwa.

Lakini wewe soma maneno yale ukiwa peke yako, ukungu umesimama dirishani kama mtu aliyeweka paji la uso kwenye kioo, halafu uniambie ni utani.

Tukafanya kazi. Mokaya akafuta lile sanduku, na jina nalo. Nikagonga neno langu, na namba ya kwanza ikaporomoka kwa kiasi ambacho sijaona tangu mwaka jana. Saa kumi na moja orodha ya leo ikaenda yote, Mokaya hakungoja asubuhi, karatasi ikarudi na kila jina, mpaka la mwisho kabisa. Nikaichukua mwenyewe kwa mguu mpaka kambi ya juu, nikamwonyesha Mama Tapsiargaa jina lake. Hajui kusoma, lakini aliweka kidole pale nilipomwonyesha akakiacha hapo kwa muda. Akaniuliza shida ilikuwa nini. Nikamwambia ni mambo mazito ya waya, hata Nairobi walishindwa. Akasema ahaa.

Kabla ya kufunga siku Mokaya alinipigia tena. Alitaka kujua amwambie nini fundi mkuu kesho. Ningeweza kusema aseme ni mashine. Mapacha wake niliwafikiria, na mama yake pia. Nikamwambia amwambie ni Sigei wa kiwanda cha Merigi, alikuwa akimwandikia marehemu kila siku na karatasi za ushahidi anazo, na kama kuna wa kufungasha, mlango wangu wanaujua. Alishukuru mpaka nikaona haya. Halafu akaniuliza kile alichokuwa akitaka kuuliza tangu mchana.

"Mzee, si wewe ndiye uliyemzika? Sasa ulikuwa unamsalimia wa nini?"

Nikamjibu kitu. Nilisema sisi tulivyokuwa marafiki kaburi ni kama ukuta wa matope tu, unaongea na mwenzako upande wa pili. Akacheka, akasema wewe mzee una maneno. Tukaagana.

Kabla sijatoka niligonga neno langu mara ya mwisho. Kumbukumbu ilitakiwa iwe tupu. Kulikuwa na kipande kidogo bado kimeshikwa, kama cha barua moja. Mokaya anasema hiyo ni kawaida, mashine hujiachia akiba kidogo. Sikumbuki kuiona hiyo akiba zamani, lakini zamani sikuwa natafuta.

Kesho saa moja nitakaa pale, na sijui kidole kitaanza na jina gani.

Sasa kwa kuwa Mama Chebet ameenda kukamua na hakuna anayesoma hapa ila wewe, nimalize. Jeneza sikulibeba. Wazee wa ziwani sijawaona hata mmoja, wala sijui kama walitoa vitambaa. Siku ya mazishi kampuni ilitoa lori la kutupeleka, na watu wote wa kiwanda walipanda, hao hao wanaoniomba tena ile sehemu ya wazee. Lori lilipita kwanza hospitali ya Kericho kuchukua mwili, maana nyumbani hakuwahi kufika, na mimi nikasikia kwamba tutakaa pamoja nao huko nyuma mpaka ziwani. Nikaogopa. Nikaingia boila, nikajificha nyuma ya kuni.

Dereva alinipigia honi mara tatu. Nilizihesabu. Nilikuwa nimeshavaa koti.